Kidole kimoja, maombi mawili: Jinsi ukurasa wa mtandao unavyosoma mguso wa simu

Wafanyabiashara na wasafirishaji wanaotumia mipaka ya Afrika Mashariki wamehamisha sehemu kubwa ya shughuli zao kutoka kompyuta ya ofisini kwenda simu ya mkononi. Kuomba lori, kufuatilia kontena, kuthibitisha kwamba mzigo umepokelewa na hata kusaini hati ya makabidhiano ni kazi zinazofanywa kwa kidole juu ya kioo, mara nyingi na dereva au wakala wa forodha aliyesimama kwenye foleni ya Namanga, Malaba, Rusumo au Tunduma.

Hata hivyo, kurasa nyingi za mtandao zinazotumika katika kazi hizo zilitengenezwa kwa kumfikiria mtu aliyekaa mezani akiwa na kipanya. Matokeo yake ni ombi moja la lori kuingia mara mbili, saini kukatika katikati, menyu kugoma kufunguka na kitufe cha kufuta kuguswa badala ya kile cha kuhifadhi. Mtumiaji hulaumu mtandao wa simu au simu yenyewe, ilhali mara nyingi kosa limo ndani ya maandishi ya programu yanayoendesha ukurasa huo.

Makala haya yanaeleza kinachotokea tangu kidole kinapogusa kioo hadi ombi linapofika ofisini, makosa yanayojitokeza njiani, na mambo ambayo mfanyabiashara anayemlipa fundi kumtengenezea tovuti anapaswa kuyadai kabla ya kutoa malipo ya mwisho.

Suala la fedha, si la mafundi peke yao

Tangu Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza kutekelezwa mwaka 2014, kodi ya bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya hukadiriwa na kulipwa mzigo ukiwa bado katika kituo cha kwanza cha kuingilia, badala ya kusubiri ufike kwenye mpaka wa nchi unakokwenda. Utaratibu huo umepunguza ukaguzi wa kurudiarudia, lakini pia umefanya taarifa zinazojazwa mwanzoni kuwa na uzito mkubwa. Tarakimu iliyokosewa bandarini husafiri na mzigo mpaka mwisho wa safari.

Kwa upande wa wafanyabiashara wadogo, utaratibu rahisi wa biashara wa jumuiya hiyo huwawezesha kuvusha bidhaa zinazozalishwa katika nchi wanachama zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwa kutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa. Wengi wa wafanyabiashara hawa hawana kompyuta. Simu ndiyo ofisi yao, na kama ukurasa hausomi vizuri mguso, hawana njia nyingine ya kuutumia.

Chukua mfano wa hesabu wa msafirishaji mwenye malori 20. Ikiwa ombi moja tu kwa wiki litajirudia na kusababisha lori kwenda kuchukua mzigo usiokuwepo, na lori hilo likapoteza siku moja yenye gharama ya dola 200, basi kwa wiki 52 hasara ni dola 10,400. Kurekebisha kasoro inayozaa hasara hiyo huweza kuwa kazi ya siku chache kwa fundi anayeifahamu kazi yake.

Kinachotokea kidole kinapogusa kioo

Simu nyingi za kisasa zina kioo kinachotambua badiliko la umeme linalosababishwa na kidole cha binadamu. Ndiyo maana glovu za kawaida za kazi hazifanyi kitu, na ndiyo maana matone ya mvua huweza kusomwa kama mguso. Baadhi ya vifaa vya zamani vya maghalani hutumia kioo kinachotegemea mgandamizo, ambacho hukubali hata ncha ya kalamu iliyofungwa.

Baada ya kioo kutambua mahali palipoguswa, mfumo wa simu hukipa kivinjari taarifa hiyo, nacho kivinjari huipeleka kwenye programu ya ukurasa iliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript. Taarifa hizo huitwa matukio. Kidole kinapotua hutokea tukio la "touchstart", kinaposogea "touchmove", kinapoinuliwa "touchend", na mguso unapokatizwa na jambo jingine, kwa mfano kivinjari kinapoamua kusogeza ukurasa, hutokea "touchcancel".

Mfumo huo wa matukio ulianza kutumika katika simu za iPhone mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kampuni ya Apple kuingiza simu hiyo sokoni. Ulienea kwenye vivinjari vingine kabla ya kukubaliwa rasmi na W3C, chombo kinachoweka viwango vya wavuti duniani, mwezi Oktoba mwaka 2013.

Tatizo ni kwamba wakati simu hizo zinaanza, karibu kurasa zote duniani zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya kipanya. Ili zisikwame, vivinjari vya simu viliamua kuigiza kipanya. Mtu anapogusa kitufe mara moja, kivinjari hutuma kwanza matukio ya mguso, kisha hutuma pia matukio ya kipanya, na mwisho hutuma tukio la "click", yaani kubofya. Mguso mmoja hivyo hutangazwa mara mbili, kwanza kama mguso na baadaye kama mbofyo.

Ombi linavyoingia mara mbili

Hapo ndipo chimbuko la maombi mawili lilipo. Fundi anayeandika ukurasa wa kuomba lori huweka agizo kwamba kidole kikiinuliwa juu ya kitufe cha "Tuma", ombi liende. Halafu, ili watumiaji wa kompyuta nao wahudumiwe, huweka agizo hilohilo kwenye tukio la kubofya. Kwenye kompyuta kila kitu huenda sawa. Kwenye simu, agizo la kwanza hutekelezwa kidole kinapoinuka, na la pili hutekelezwa mbofyo wa kuigiza unapofika.

Kwa nini mafundi wahangaike na matukio mawili wakati "click" peke yake ingetosha? Sababu ni ya kihistoria. Simu za mwanzo ziliruhusu mtu kugusa mara mbili haraka ili kukuza ukurasa. Kwa hiyo baada ya mguso wa kwanza kivinjari kilisubiri takriban milisekunde 300, karibu theluthi moja ya sekunde, kuona kama mguso wa pili unakuja. Kurasa zikaonekana nzito, na mafundi wakaanza kukwepa subira hiyo kwa kutumia tukio la mguso moja kwa moja.

Subira hiyo sasa haipo kwa kurasa zilizoandaliwa vizuri. Kuanzia mwaka 2014, Chrome ya Android iliiondoa kwa ukurasa wowote unaotangaza kwamba upana wake unalingana na upana wa kifaa. Simu za iPhone zilifuata mwaka 2016. Tangazo hilo ni mstari mmoja tu juu ya ukurasa. Pamoja na hayo, mbinu za kukwepa bado zimo katika programu za zamani zinazonakiliwa kutoka mradi mmoja hadi mwingine, na pamoja nazo kasoro ya kutuma mara mbili.

Meneja anaweza kuchunguza tatizo hili bila kuwa fundi. Aangalie saa ya maombi mawili yaliyofanana kwenye kumbukumbu za mfumo. Yakiwa yameingia ndani ya sehemu ya sekunde moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba kosa ni la programu ya ukurasa. Yakiwa yamepishana kwa sekunde kadhaa au zaidi, huenda mtumiaji aliona kimya kwa sababu mtandao ulikuwa mzito, akagusa tena.

Tiba zake zinatofautiana. Kwa kosa la kwanza, vitufe vya kawaida vitumie tukio la "click" peke yake, ambalo hufanya kazi kwa kidole, kipanya na hata kibodi. Kwa la pili, kitufe kizimwe mara tu kinapoguswa na ukurasa uonyeshe kwamba ombi linatumwa. Juu ya yote mawili, kila fomu inapofunguliwa ipewe namba yake ya pekee, na kompyuta ya ofisini ikatae kupokea ombi la pili lenye namba hiyohiyo. Kinga hii ya mwisho ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa hufanya kazi hata pale ukurasa wenyewe unapokosea.

Kugusa si sawa na kukubali

Kasoro nyingine hutokea pale agizo linapotekelezwa mara kidole kinapotua, kabla hakijainuliwa. Dereva anayesogeza orodha ndefu ya mizigo lazima aweke kidole mahali fulani ili aanze kusogeza. Kikitua juu ya kitufe cha "Kubali mzigo", mzigo umekubaliwa, ingawa nia yake ilikuwa kushuka chini ya orodha.

Mwongozo wa W3C wa mwaka 2018 kuhusu tovuti zinazoweza kutumiwa na watu wote, ujulikanao kama WCAG 2.1, unataka agizo litekelezwe kidole kinapoinuliwa, ili aliyegusa kwa bahati mbaya aweze kusogeza kidole pembeni na kuokoka. Vitufe vya kawaida vya kivinjari hufanya hivyo vyenyewe. Matatizo huja fundi anapobuni vitufe vyake.

Vilevile zipo menyu zinazofunguka kipanya kinapoelea juu yake bila kubofya. Kidole hakielei. Ama kimegusa au hakijagusa. Kama orodha ya ushuru au ya vituo vya mpakani inaonekana kwa kuelea tu, mwenye simu anaweza asiione kabisa, au aione ikitokea na kutoweka. Kila kitu muhimu hakina budi kufikiwa kwa mguso wa kawaida.

Saini inayokatika njiani

Uthibitisho wa kupokea mzigo ni hati inayomwezesha msafirishaji kudai malipo. Kampuni nyingi zimeacha karatasi na kumtaka mpokeaji asaini kwa kidole kwenye kisanduku ndani ya ukurasa. Malalamiko ya kawaida ni kwamba mstari wa saini huanza, kisha hukatika na ukurasa mzima huteremka.

Maelezo yake ni haya. Kidole kinapotembea kuelekea chini, kivinjari hudhani mtu anataka kusogeza ukurasa. Kikishafanya uamuzi huo, huuchukua mguso mikononi mwake na kuiambia programu ya saini kwamba mguso umekatizwa. Kinachobaki ni nusu ya herufi.

Hapo zamani mafundi walizuia jambo hilo kwa kuweka amri ya kuzuia usogezaji katika ukurasa mzima. Lakini amri hiyo ilikuwa na gharama yake: kila kidole kinaposogea, kivinjari kililazimika kusubiri jibu la programu kabla ya kusogeza ukurasa, na kwenye simu za bei nafuu ukurasa ulionekana kuganda. Mwaka 2016 Chrome ilianza kuruhusu programu kutamka mapema kwamba haitazuia usogezaji. Mwaka 2017 ikaenda mbali zaidi na kuifanya hali hiyo kuwa ya kawaida kwa maagizo ya mguso yaliyowekwa katika ngazi ya ukurasa mzima, isipokuwa fundi aseme vingine.

Ndiyo maana kurasa za saini zilizofanya kazi vizuri mwaka 2016 ziliweza kuharibika mwaka uliofuata bila mtu yeyote kubadilisha hata herufi moja ndani yake. Kivinjari ndicho kilichobadilika. Hili ni funzo kwa wanaoamini kwamba tovuti ikishalipiwa haihitaji matunzo, kama lori lisilohitaji kubadilishwa oili.

Njia inayofaa leo ni kukitamkia kivinjari, kwa kipengele kiitwacho "touch-action", kwamba ndani ya kisanduku cha saini pekee kidole kisisogeze ukurasa. Sehemu nyingine zote zibaki kama kawaida, ili mpokeaji aweze kusoma orodha ya bidhaa kabla ya kuweka saini.

Mfumo mmoja kwa kidole, kalamu na kipanya

Kampuni ya Microsoft ilikuja na wazo tofauti katika kivinjari chake cha Internet Explorer 10 mwaka 2012. Badala ya kuwa na matukio ya mguso upande mmoja na ya kipanya upande mwingine, yawepo matukio ya aina moja kwa chochote kinachoelekeza kwenye skrini. Kila tukio hubeba maelezo ya kama limetoka kwa kidole, kalamu au kipanya. W3C iliukubali mfumo huo mwezi Februari 2015.

Chrome iliupokea mwishoni mwa mwaka 2016, Firefox mwaka 2018 na Safari ya Apple mwaka 2019. Kwa maana hiyo, fundi anayeanza kazi mpya ya saini, ramani ya kufuatilia malori au mchoro wa kupanga mizigo hana sababu ya kuandika kila kitu mara mbili. Mfumo huo pia unamwezesha kuendelea kuufuatilia mguso hata kidole kikitoka kidogo nje ya kisanduku, jambo ambalo hutokea mara kwa mara mtu anaposaini akiwa amesimama.

Vitufe vidogo na tarakimu za kontena

Mshale wa kipanya una ncha ndogo sana. Kidole ni kinene, na humziba mtu asione anachogusa. Apple huwashauri mafundi kuweka vitufe visivyopungua vipimo 44 kwa 44, na Google hupendekeza 48 kwa 48, sawa na takriban milimita 9. Mwongozo wa WCAG 2.2 uliotolewa mwezi Oktoba 2023 umeweka kima cha chini cha 24 kwa 24 katika kiwango chake cha kati, pamoja na misamaha kadhaa. Kwa mtu aliye ndani ya lori linalotikisika, kima hicho cha chini hakitoshi, hasa pale vitufe vya "Futa" na "Hifadhi" vinapokuwa vimebanana.

Mwongozo huohuo unataka kazi yoyote inayofanywa kwa kuburuta kidole iweze pia kufanywa kwa kugusa tu. Kama mpangilio wa vituo vya safari hubadilishwa kwa kuviburuta juu na chini, viwepo pia vitufe vya "Pandisha" na "Shusha".

Kwenye fomu, kisanduku cha uzito au thamani kifungue kibodi ya tarakimu moja kwa moja. Maandishi ndani ya visanduku yasiwe chini ya vipimo 16, kwani simu za iPhone hukuza ukurasa wenyewe mtu anapogusa kisanduku chenye maandishi madogo zaidi, na mtumiaji hupotea njia ndani ya fomu.

Namba ya kontena inahitaji uangalifu wa pekee. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 6346, ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia. Kwa hiyo ukurasa unaweza kugundua makosa mengi ya kidole papo hapo, kabla fomu haijatumwa. Aidha, usahihishaji wa maneno unaofanywa na simu uzimwe katika kisanduku hicho, usije ukageuza herufi za mwenye kontena kuwa neno la kawaida.

Ya kudai kabla ya malipo ya mwisho

Makubaliano mengi kati ya wafanyabiashara na mafundi hutaja rangi, nembo na idadi ya kurasa, na husahau kabisa mguso. Yafuatayo yanafaa kuandikwa kwenye mkataba:

1. Kugusa kitufe cha kutuma mara moja kuzae ombi moja tu, na mfumo ukatae nakala hata kitufe kikiguswa mara kumi mfululizo.

2. Kusogeza orodha kwa kidole kusitekeleze agizo lolote.

3. Hakuna taarifa wala menyu itakayoonekana kwa kuelea kwa kipanya pekee.

4. Saini ikamilike bila kukatika, na ikikatizwa na simu inayoingia, mtumiaji aambiwe aianze upya badala ya nusu saini kuhifadhiwa.

5. Vitufe vya kufuta na vya kuhifadhi visikae pamoja, na kufuta kuombe uthibitisho.

6. Majaribio yafanyike kwenye simu halisi za madereva, ikiwemo Android ya bei nafuu na iPhone moja.

7. Fundi arudi kukagua ukurasa angalau mara moja kwa mwaka, kwa kuwa vivinjari hubadilika.

Sharti la sita lisipuuzwe. Kompyuta ya fundi ina njia ya kuigiza skrini ya simu, lakini mwigo huo hauna jasho, vumbi, jua kali la mchana wala mtandao unaopotea na kurudi. Jaribio la maana ni la dereva mmoja na karani mmoja kukamilisha safari nzima, tangu kuomba mzigo hadi kusaini, wakiwa nje ya ofisi, huku mwenye kampuni akihesabu maombi yaliyoingia kwenye mfumo. Maombi 10 yaliyotumwa yakionekana 11, malipo ya mwisho yasubiri.